Amana Iliyouzwa: Mashamba ya Wajapani wa Bonde la Fraser, Kanada, 1942–1950

Wanahistoria wanapoandika juu ya Wajapani wa Kanada katika Vita vya Pili vya Dunia, jambo wanalolitanguliza ni uhamisho. Watu wapatao 22,000, wengi wao wakiwa raia kwa kuzaliwa au kwa kuandikishwa, waliondolewa pwani ya British Columbia mwaka 1942 na kutawanywa katika miji ya migodi iliyokwisha kuhamwa, kambi za ujenzi wa barabara na mashamba ya viazisukari. Suala la mali huja nyuma, kama hasara iliyofuatana na safari. Makala hii inaupinga mpangilio huo. Ninadai kwamba kuuzwa kwa mashamba ya Wajapani katika Bonde la Fraser kulitokana na uamuzi wa peke yake, wenye wahusika wake, sababu zake na tarehe zake, na kwamba uamuzi huo ndio uliougeuza uhamisho wa wakati wa vita kuwa ufukuzaji wa kudumu. Mkulima aliyehamishwa huku hati ya shamba ingali na jina lake anaweza kungoja vita viishe. Ambaye shamba lake limeuzwa hana tena cha kungojea. Waliouza walilijua hilo, na ushahidi wa kwamba walilijua umo katika mfuatano wa amri zao wenyewe.

Uzito wa uamuzi huo hauonekani mpaka tutazame kwanza jinsi ardhi yenyewe ilivyopatikana. Wajapani wa kizazi cha kwanza walifika British Columbia kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wakaingia katika uvuvi wa samoni, viwanda vya mbao, migodi na reli. Jimbo lile liliwanyima kura mwaka 1895, na kwa kuwa taaluma kama uwakili na ufamasia zilimtaka mwombaji awe na jina katika daftari la wapigakura, hata watoto wao waliozaliwa palepale walifungiwa milango hiyo. Katika miaka ya 1920 serikali kuu ikaanza kupunguza leseni za uvuvi walizopewa Wajapani, kwa nia iliyokiriwa waziwazi ya kuwaachia wazungu kazi ya bahari. Kilimo kikabaki mojawapo ya njia chache zilizokuwa bado wazi, kwa sababu British Columbia, tofauti na California iliyotunga sheria ya kuwazuia mwaka 1913, haikumkataza Mjapani kununua shamba kwa fedha zake. Hata hivyo ardhi waliyoimudu ilikuwa ile ambayo kampuni za mbao zilikwisha kuikata na kuiacha, yenye visiki vya mierezi na misonobari, vingine vipana kupita urefu wa mtu. Kung'oa kisiki kimoja kulihitaji shoka, baruti, farasi na siku kadhaa za kazi. Familia zilianza kwa kupanda stroberi katikati ya visiki, maana stroberi huanza kuzaa mapema na hustawi hata kwenye kipande kidogo kinachopaliliwa kwa jembe la mkono, kisha zikaongeza rasiberi, ambayo ikishashika huendelea kuzaa miaka mingi. Wakati wa baridi baba mara nyingi alikwenda kufanya kazi ya kibarua msituni au kiwandani ili alipie deni la ardhi, huku mama na watoto wakibaki na shamba. Huko Haney, Mission, Pitt Meadows na Surrey wakulima hawa walijenga vyama vya ushirika vya kupakia na kuuza matunda. Yasutaro Yamaga wa Haney alikuwa miongoni mwa viongozi wa vyama hivyo waliojulikana zaidi, na katika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya stroberi ya jimbo ilitoka katika mashamba ya Wajapani.

Nimekaa kidogo hapa kwa sababu thamani ya shamba la aina hii haimo katika udongo mtupu. Imo katika visiki vilivyokwisha kung'olewa, mitaro iliyochimbwa, mimea ya kudumu iliyo katikati ya umri wake wa kuzaa, nyumba, ghala na jina jema sokoni. Karibu vyote hivyo vilitokana na kazi ya kaya nzima, ikiwamo kazi ya wanawake na watoto ambayo haikuwahi kuandikwa katika daftari lolote la mishahara. Mthamini akipita shambani na kuhesabu ekari peke yake anaweza kuandika tarakimu nzuri na bado akaacha nje robo tatu ya kile ambacho familia ilikuwa imekiweka ardhini.

Sasa tuzifuate tarehe. Japani ilishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Katika majuma yaliyofuata serikali ya Kanada ilikamata mashua zipatazo 1,200 za wavuvi wa Kijapani. Tarehe 24 Februari 1942 ikatoa amri namba 1486, iliyomwezesha Waziri wa Sheria kumwondoa mtu yeyote katika eneo la ulinzi, yaani ukanda wa maili 100 kutoka pwani. Tarehe 4 Machi amri namba 1665 iliunda tume ya kusimamia uhamisho na kuiweka mali waliyoiacha wahamishwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Mwezi huohuo serikali ilieleza kwa maandishi ya kisheria kwamba mali hiyo inashikwa kwa ajili ya ulinzi tu. Kwa maneno mengine, ilikuwa amana. Familia zilifunga nyumba, zikapanga vyombo katika chumba kimoja au kwa jirani, zikaondoka wakati stroberi zikikaribia kuiva. Tarehe 29 Juni, wakati watu bado wanasafirishwa, ikatoka amri namba 5523. Hii ilimpa mkurugenzi wa mpango wa kuwapatia askari mashamba mamlaka juu ya mashamba ya Wajapani, hata ikawa mwenye shamba hawezi kuliuza wala kulipangisha bila kibali chake, na maofisa wake wakawa wanazunguka bondeni wakithamini. Kufikia vuli uhamisho ulikuwa umekamilika. Ndipo tarehe 19 Januari 1943 amri namba 469 ilipompa Msimamizi uwezo wa kuuza mali yote aliyokabidhiwa bila ridhaa ya wenyewe, na katikati ya mwaka huo mashamba zaidi ya 700 yakapelekwa kwa mkupuo kwa mkurugenzi wa Sheria ya Ardhi ya Askari Wastaafu.

Mfuatano huu ndio ushahidi wangu wa kwanza. Watetezi wa hatua hizo hutanguliza usalama wa taifa, wakisema kwamba Hong Kong ilikuwa imeanguka, askari wa Kanada walikuwa wametekwa huko, na pwani ya Pasifiki ilikuwa na hofu ambayo sisi tunaoandika kwa utulivu hatuna haki ya kuidharau. Hofu ilikuwapo, sikatai. Lakini wataalamu wa ulinzi hawakuishiriki kwa kiasi kile. Maofisa wakuu wa jeshi na wa polisi wa taifa walishauri mapema mwaka 1942 kwamba jamii hii haikuwa tishio, na Waziri Mkuu Mackenzie King mwenyewe aliliambia Bunge tarehe 4 Agosti 1944 kwamba hakuna mtu wa asili ya Kijapani aliyezaliwa Kanada aliyeshtakiwa kwa hujuma au usaliti katika miaka yote ya vita. Tuseme hata hivyo kwamba hoja ya usalama inakubalika, na kwamba ilikuwa halali kuwaondoa watu pwani. Hoja hiyo inaishia pale mtu wa mwisho alipopanda treni. Shamba la rasiberi lisilo na mwenyewe, likiwa mikononi mwa ofisa wa serikali, haliwezi kupeleka ishara kwa manowari. Amri ya kuuza ilitolewa wakati hatari iliyodaiwa ilikuwa imekwisha kuondolewa kwa njia iliyodaiwa kuwa ya lazima, kwa hiyo sababu yake itafutwe mahali pengine.

Mahali pengine penyewe ni sera ya ardhi. Baada ya Vita vya Kwanza Kanada ilijaribu kuwapa askari waliorejea mashamba kwa mkopo, na jaribio lile liliacha kumbukumbu chungu. Wengi walipewa ardhi duni au ya mbali, wakazama katika madeni, wakaiacha. Maofisa waliotayarisha Sheria ya Ardhi ya Askari Wastaafu ya 1942 hawakutaka kurudia kosa hilo. Walitaka ardhi iliyokwisha kulimwa, karibu na soko, yenye nyumba. Bonde la Fraser lilikuwa na ardhi hiyo, na wenyewe walikuwa wanaondolewa. Ian Mackenzie, mbunge wa Vancouver na waziri aliyesimamia maandalizi ya kuwapokea askari baada ya vita, alikuwa pia mmoja wa wanasiasa waliopigania kwa bidii zaidi Wajapani wasirudi tena jimboni. Katika mtu mmoja makusudi mawili yalikutana, yaani kupata ardhi nzuri kwa bei nafuu na kuhakikisha wenye ardhi hiyo hawana pa kurejea. Sidai kwamba kila karani aliyegonga muhuri alikuwa na chuki moyoni. Wengi pengine waliamini kwamba wanawatendea mema askari. Ila mpango uliowatendea mema askari ulikuwa na mfadhili asiyeulizwa, na mfadhili huyo alikuwa familia iliyokuwa wakati huo ikiishi katika kibanda cha mbao mbichi kambini Slocan au Lemon Creek.

Msimamizi alikuwa na utetezi wake, na unastahili kujibiwa kwa makini kuliko ule wa usalama. Alisema kwamba mali zinaharibika, kwamba nyumba zimevunjwa na vyombo kuibwa, wapangaji hawatunzi mashamba, kodi za ardhi zinadaiwa, na mimea isiyopaliliwa inakufa. Kuuza mapema, kwa hoja hii, kulikuwa njia ya kuokoa thamani kwa faida ya wenyewe. Sehemu ya maelezo haya ni kweli. Wizi ulikuwa mwingi, na stroberi isiyopaliliwa hulemewa na magugu haraka. Lakini tazama hoja inapotufikisha. Aliyepewa kitu akilinde akashindwa kukilinda anadaiwa. Kushindwa kwake hakumpi haki ya kukiuza. Ardhi yenyewe haiozi, na bei ya ardhi wakati wa vita ilikuwa inapanda, basi mwenye nia ya kuhifadhi thamani angepangisha kwa masharti mazuri na kungoja. Zaidi ya hapo, wenye mali hawakunyamaza. Barua za kupinga zipatazo 300 zimehifadhiwa katika majalada ya ofisi ya Msimamizi, zilizoandikwa na watu waliokuwa kambini na mashambani wakieleza kwamba hawataki kuuza, kwamba bei ni ya kudhalilisha, kwamba waliahidiwa ulinzi. Ofisi iliyodai kutenda kwa niaba yao ilikuwa na matakwa yao mezani, kwa mwandiko wao, na ikaendelea.

Bei ndiyo inayoikata hoja hii. Waliothamini mashamba walikuwa maofisa wa mpango wa askari, na aliyenunua ni mpango huohuo chini ya mkurugenzi yuleyule, Gordon Murchison. Muuzaji, Msimamizi, alikuwa idara nyingine ya serikali hiyohiyo. Hapakuwa na mnada wa mashamba haya wala mshindani wa nje, na mwenye mali hakuwa na sauti. Mwaka 1947, baada ya malalamiko ya miaka mingi, serikali ilimteua Jaji Henry Bird kuchunguza hasara. Mamlaka yake yalibanwa. Aliruhusiwa kuangalia tofauti kati ya bei ya mauzo na bei halali ya soko la siku ile, pamoja na uzembe katika utunzaji, lakini hakuruhusiwa kugusa mapato yaliyopotea, kukatizwa kwa maisha, wala uhalali wa uuzaji wenyewe. Hata ndani ya mipaka hiyo finyu, alipotoa ripoti mwaka 1950 alipendekeza wamiliki wa mashamba yaliyochukuliwa kwa ajili ya askari waongezewe takribani asilimia 80 ya bei iliyokuwa imelipwa, nyongeza kubwa kuliko ile ya nyumba za mjini Vancouver, ambazo ziliuzwa mojamoja kwa wanunuzi wa kawaida. Maana yake ni kwamba tume ya serikali, kwa kipimo cha serikali, iliona kuwa mashamba yaliuzwa kwa zaidi kidogo ya nusu ya thamani yake. Jumla ya fidia kwa walalamikaji wote, wakulima na wasio wakulima, ilikuwa takribani dola milioni 1.2.

Atasema mtu kwamba nusu nayo ni malipo, na mali iliyolipiwa haikunyang'anywa. Jibu limo katika safari ya fedha zenyewe. Pesa za mauzo hazikwenda mfukoni mwa mkulima. Zilikatwa madeni, kodi na gharama za usimamizi, kilichobaki kikawekwa katika akaunti iliyoshikwa na Msimamizi, na mwenyewe akaruhusiwa kuchota kidogokidogo kwa ajili ya chakula na nguo kambini. Aliyekuwa na mali hakustahili msaada wa serikali mpaka akiba hiyo iishe. Kwa hiyo mkulima wa Mission alilipia kifungo chake kwa shamba lake. Wakati huohuo, raia wa nchi adui waliozuiliwa kama wafungwa wa vita walitunzwa kwa gharama ya dola iliyowazuia, kama desturi ya kimataifa ilivyotaka. Mzaliwa wa Kanada hakuwa na balozi wala mkataba wa kumtetea, na uraia wake, uliopaswa kuwa kinga, ukawa sababu ya kumkosesha hata haki za adui.

Upande wa viazisukari unaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi, nami nadhani haujapewa nafasi unayostahili katika maandishi. Mwanzoni tume ilipeleka wanaume katika kambi za barabara na kuwaweka wanawake na watoto kwanza katika viwanja vya maonyesho vya Hastings Park, Vancouver, ndani ya mabanda yaliyojengwa kwa ajili ya mifugo. Familia zilizotaka kubaki pamoja ziliambiwa kwamba njia ipo. Zikubali kwenda Alberta au Manitoba kulima viazisukari katika mashamba ya watu wengine, kwa mikataba ya kulipwa kwa ekari. Watu wapatao 4,000 walikwenda, wengi wakiwa familia za wakulima, maana ndizo zilizokuwa na mikono iliyozoea jembe. Baadhi walipangiwa kuishi katika maghala ya nafaka na mabanda ya kuku, katika baridi ya uwanda wa kati ambayo pwani haiijui. Tuelewe kilichofanyika hapa kiuchumi. Katika msimu mmoja tu, kaya iliyokuwa na hati ya ardhi, mimea ya kudumu, chama cha ushirika na soko ilishushwa kuwa kaya ya vibarua wasio na ardhi. Ujuzi wao wa kilimo haukudhaniwa kuwa hatari kwa taifa ulipohitajika katika shamba la mwingine. Ulikuwa hatari pale tu ulipokuwa katika shamba lao.

Mahakama zilipewa nafasi ya kuzuia. Wenye mali watatu, kesi yao ikijulikana kwa jina la Nakashima, walipeleka shauri katika Mahakama ya Hazina, likasikilizwa mwaka 1944, wakidai kwamba Msimamizi ni mdhamini na mdhamini hauzi mali ya mwenye amana dhidi ya matakwa yake. Hukumu ilikawia hadi 1947. Jaji Joseph Thorson aliamua kwamba Msimamizi hakuwa mtumishi wa Dola kwa maana ya kisheria, hivyo Dola haiwezi kushtakiwa kwa matendo yake, na shauri likaanguka. Thorson alikuwa waziri katika baraza la King hadi Oktoba 1942, yaani alikuwamo serikalini wakati amri za kuhamisha watu na kukabidhi mali zilipotolewa. Sihitaji kumtuhumu kwa nia mbaya ili kusema kwamba shauri kama hili lilipaswa kusikilizwa na jaji mwingine. Na ucheleweshaji wa miaka mitatu ulikuwa na matokeo kuliko hukumu yenyewe, kwa kuwa katika miaka hiyo mashamba yalikuwa yanagawiwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anacho kipimo chake cha kutathmini chombo hiki, kwa sababu ofisi ya msimamizi wa mali za adui ilifanya kazi hapa pia. Baada ya Vita vya Kwanza mashamba ya Wajerumani katika Tanganyika yaliwekwa chini ya msimamizi wa namna hiyo na kuuzwa. Hatua ile ilikuwa kali, lakini ilikuwa na msingi katika Mkataba wa Versailles, ulioipa Ujerumani jukumu la kuwafidia raia wake. Mwenye shamba alikuwa na dola yake ya kuidai. Kilichofanywa Kanada ni kukitumia chombo kilichotungwa kwa ajili ya raia wa kigeni dhidi ya raia wa ndani, ambao dola waliyopaswa kuidai ndiyo iliyokuwa inauza. Mfano wa pili ni Uganda. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 mali zao ziliwekwa chini ya bodi maalumu ya usimamizi, na Kanada ikawapokea maelfu ya waliofukuzwa, jambo la kuiheshimu. Mwaka 1982 Uganda ilitunga sheria ya kuwarudishia wenye mali, na katika miaka ya 1990 wengi walirejeshewa majengo na mashamba yao, ingawa kwa migogoro ambayo haijaisha. Wanaosema kwamba kurudisha mali iliyokwisha kugawiwa ni jambo lisilowezekana kiutawala watazame nchi maskini iliyotoka katika vita, iliyojaribu kulifanya baada ya miaka ishirini. Kanada, nchi tajiri, mwaka 1947 ilikuwa na pengo la miaka minne tu.

Tena haikuwa kweli kwamba haiwezekani, kwa sababu ilifanyika mara moja. Zaidi ya Wajapani 200 wa Kanada walijitolea kupigana Ulaya katika Vita vya Kwanza, na zaidi ya 50 kati yao walikufa huko. Zennosuke Inouye alikuwa miongoni mwa walionusurika, na baada ya vita alipata ardhi Surrey kupitia mpango wa wakati ule wa kuwapatia askari mashamba. Mwaka 1943 shamba hilohilo liliuzwa ili wapewe askari wa vita vipya. Inouye aliandika barua, moja baada ya nyingine, akafika hadi kwa Waziri Mkuu, akiuliza ni kwa mantiki gani askari ananyang'anywa ardhi kwa jina la askari. Maofisa walikosa jibu, na baada ya vita shamba likarejeshwa kwake. Katika mashamba yote zaidi ya 700, ni lake peke yake. Masumi Mitsui, aliyepata nishani ya ushujaa Ufaransa na kuongoza juhudi zilizowapatia wenzake maveterani haki ya kura mwaka 1931, alikuwa na shamba la kuku Port Coquitlam. Hakurejeshewa. Kesi ya Inouye hutajwa wakati mwingine kama faraja, kama dalili kwamba mfumo ulikuwa na masikio. Mimi naisoma kinyume. Inathibitisha kwamba idara ilikuwa na uwezo wa kisheria na wa kiutawala wa kurudisha, na kwamba katika mashamba mengine yote ilichagua kutorudisha.

Lipo pingamizi moja linalotoka upande tofauti kabisa, nalo ni zito. Bonde la Fraser ni nchi ya Wakatzie, Wakwantlen na jamii nyingine za Stó:lō, waliopokonywa kabla ya Mjapani wa kwanza kushika shoka. Je, tunalilia hati zilizotokana na upokonyaji? Madai ya wenyeji yanatangulia na hayafutwi na lolote nililoliandika. Hata hivyo serikali iliyouza mashamba mwaka 1943 haikuyauza ili iyarejeshe kwa wenyeji. Iliyahamisha kutoka kwa kundi moja la walowezi wasio na kura kwenda kwa kundi jingine lenye kura, huku mikono iliyozoea kuchukua ardhi ya wenyeji ikitumia mazoea hayohayo. Dhuluma hizi mbili zinaelezana, wala kuitaja moja si kuifunika nyingine.

Kwamba uuzaji ndio uliofunga njia ya kurudi kunaonekana wazi katika mambo ya 1945 na baadaye. Masika ya mwaka huo kila mtu mzima wa Kijapani alitakiwa achague kuhamia mashariki ya milima ya Rocky au kupelekwa Japani. Watu wapatao 10,000 walitia sahihi kwenda Japani, na wengi wakaomba kuzifuta baadaye. Hatimaye karibu 4,000 walisafirishwa mwaka 1946, kati yao watoto waliozaliwa Kanada. Wengi waliotia sahihi walikuwa wazee wasio na mali tena, na swali la kurudi Haney au Surrey halikuwamo katika fomu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kurudia. Marufuku ya pwani iliondolewa tarehe 1 Aprili 1949, karibu miaka minne baada ya vita kumalizika. Wachache walirudi. Vyama vya ushirika vya wakulima wa matunda havikufufuka kama vilivyokuwa, na jamii iliyokuwa imejikita katika bonde moja ikabaki imetawanyika kutoka Alberta hadi Ontario, kama Ian Mackenzie na wenzake walivyotaka.

Mwaka 1986 utafiti wa hesabu uliofanywa na kampuni ya Price Waterhouse kwa niaba ya chama cha Wajapani wa Kanada ulikadiria hasara ya mali na mapato kuwa dola milioni 443 kwa thamani ya mwaka ule. Tarehe 22 Septemba 1988 Waziri Mkuu Brian Mulroney na Art Miki, rais wa chama hicho, walitia sahihi makubaliano ya fidia. Kila aliyenusurika alipewa dola 21,000, kiasi kilekile kwa aliyepoteza ekari 40 na kwa mtoto aliyezaliwa kambini bila kitu. Kama fidia ya kufungwa, kunyimwa uhuru wa kwenda na kudhalilishwa, usawa huo ni wa haki, kwa kuwa utu haupimwi kwa ekari, na waliopigania makubaliano yale wanastahili heshima yote. Kama fidia ya ardhi, hautoshi, na wanahistoria wasikubali kufunga faili la mashamba kwa sababu tu faili la uhamisho limefungwa. Waraka wa 1988 ulikiri kwamba serikali ilitwaa na kuuza mali binafsi na mali za jamii. Haukurudisha ekari hata moja.